Tope la Davyhulme

Mwaka 1894 jiji la Manchester, kaskazini mwa Uingereza, lilipata vitu viwili vikubwa kwa mpigo. Tarehe 21 Mei Malkia Victoria alifika kuzindua Mfereji wa Meli, njia ya maji ya kilomita 58 iliyochimbwa ili meli za baharini zipande kutoka mdomo wa mto Mersey hadi mlangoni mwa viwanda vya pamba, bila kupitia mikononi mwa matajiri wa bandari ya Liverpool. Mwaka huohuo, kwenye mashamba ya Davyhulme, kilomita chache magharibi ya mji na kando kabisa ya mfereji, halmashauri ilianza kuendesha mtambo wa kusafisha majitaka. Malkia hazindui vyoo. Lakini ukiniuliza leo ni kipi kati ya viwili hivyo kilichogusa maisha ya watu wengi zaidi duniani, nitakujibu bila kusita kuwa ni mtambo.

Vyote viwili ni ndugu, tena ndugu wa ugomvi. Kabla ya mfereji, mto Irwell ulipita kati ya Manchester na Salford ukizoa kila ulichotupiwa: vinyesi vya mamia ya maelfu ya watu, maji ya viwanda vya kutia rangi, chokaa ya watengeneza ngozi, lami ya viwanda vya gesi. Tume ya serikali iliyochunguza uchafuzi wa mito ilitoa ripoti yake ya kwanza mwaka 1870, juu ya mabonde ya Mersey na Ribble, na mto unaoonekana humo ni mto uliokwisha kuhamwa na samaki. Sisi wa pwani hatukuwa mbali na jambo hilo kama tunavyodhani. Kanga nyingi za zamani, pamoja na marobota ya vitambaa vya kila namna yaliyoshushwa Unguja na Mombasa, zilitoka katika viwanda vya Manchester na majirani zake. Bibi zetu walijifunga ua jekundu. Maji yaliyosuuza wekundu ule yalibaki huko.

Mto unaokwenda kasi huupeleka uchafu wake kwa jirani wa chini, na kwa miaka mingi Manchester iliridhika na utaratibu huo. Mfereji uliukatiza. Ili meli zipate kina, maji ya Irwell na Mersey yalizuiwa kwa milango mikubwa, na maji yaliyozuiwa hayana pa kupeleka kitu. Uchafu hutua chini, huoza, hutoa gesi. Zaidi ya hapo, sheria ya kuzuia uchafuzi wa mito ya mwaka 1876, iliyokuwa ikichekwa na wenye viwanda, ilipata meno mapya mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwa kuundwa Kamati ya Pamoja ya Mersey na Irwell, yenye uwezo wa kumfikisha mchafuzi mahakamani, hata kama mchafuzi ni halmashauri ya jiji. Sioni haja ya kuipamba historia hii. Davyhulme haikujengwa kwa kuuhurumia mto. Ilijengwa kwa sababu mji ulibanwa na sheria upande mmoja na biashara yake yenyewe upande wa pili.

Njia ya mwanzo ilikuwa ya kikemia. Majitaka yaliingizwa matangini, yakatiwa chokaa na chumvi ya chuma, uchafu ukashikana mabonge na kuzama. Juu yakabaki maji yaliyopendeza macho lakini bado yamebeba vyote vilivyoyeyuka: mkojo, sabuni, wanga wa viwanda vya nguo. Chini likabaki tope, tani juu ya tani. Hilo lilipakiwa kwenye meli maalumu, likateremshwa mferejini na kwenda kumwagwa baharini nje ya Liverpool. Kazi hiyo ilianza mwishoni mwa karne ya 19 na haikukoma hadi mwaka 1998, sheria za Ulaya zilipoipiga marufuku. Moja ya meli hizo iliitwa Mancunium, jina la Kirumi la mji wenyewe. Sijui mji mwingine ulioipa meli ya kinyesi jina lake la heshima, na ninaihesabu kuwa ni ishara ya ukweli fulani wa moyo.

Kufikia miaka ya 1890 wataalamu walikwisha kung'amua kuwa kinachosafisha maji si dawa bali ni viumbe. Bakteria hula uchafu, mradi wapewe hewa na mahali pa kushika. Mwaka 1899 wataalamu watatu walioitwa na jiji walishauri Davyhulme ijenge matangi ya kina kifupi yaliyojazwa masalia ya makaa ya mawe. Majitaka huingizwa, huachwa yatulie kwenye vipande vile vilivyoota utelezi wa bakteria, kisha hufunguliwa yatoke. Yalijengwa, yakafanya kazi. Shida ni kwamba yalikula ardhi isiyo na mwisho na kila baada ya muda yaliziba. Mji ulikuwa ukikua haraka kuliko matangi.

Hapa ndipo anapoingia Gilbert Fowler, mkemia aliyewahi kuusimamia mtambo huo kisha akahamia Chuo Kikuu cha Manchester huku akibaki mshauri wake. Mwishoni mwa mwaka 1912 alikwenda Marekani kwa shughuli ya uchafuzi wa bandari ya New York. Akiwa huko alipita Lawrence, mji wa viwanda vya nguo kwenye mto Merrimack, katika jimbo la Massachusetts, lilelile lililotuletea merikani. Lawrence kulikuwa na kituo cha utafiti wa majitaka, na wataalamu wake walikuwa wakipuliza hewa ndani ya chupa za majitaka na kuona maji yakitakata kadiri kuta za chupa zinavyoota kitu cha kijani. Fowler alirudi nyumbani na wazo, akalikabidhi kwa vijana wawili wa maabara ya Davyhulme, Edward Ardern na William Lockett.

Vifaa vyao havikuwa vya ajabu. Chupa za kioo za lita mbili na kidogo, mpira wa kupitishia hewa, na karatasi ya kaki ya kufunikia chupa zisipate mwanga, maana ukijani wa Lawrence ulikuwa umewachanganya watu: je, kinachosafisha ni mimea midogo inayohitaji jua, au ni kitu kingine? Gizani jibu lilikuwa wazi. Walipuliza hewa mfululizo, na baada ya wiki tano hivi amonia yote iliyokuwa kwenye majitaka ilikuwa imegeuka kuwa naitreti, chumvi isiyonuka wala isiyowanyima samaki pumzi. Matokeo mazuri, lakini ya maabara tu. Hakuna jiji linaloweza kuyaweka maji ya choo ya watu wake wiki tano.

Kilichofuata ndicho kiini cha historia yote ya Davyhulme. Mwisho wa kila jaribio tope hafifu la kahawia lilitua chini ya chupa. Kwa desturi ya siku zile, tope ni taka, na chupa huoshwa kabla ya jaribio jipya. Ardern na Lockett hawakuiosha. Walimwaga maji safi ya juu, wakaacha tope, wakajaza majitaka mapya juu yake na kupuliza tena. Safari ya pili kazi iliisha mapema. Ya tatu mapema zaidi. Waliendelea kumwaga na kujaza, tope likawa linaongezeka na muda unapungua, kutoka wiki kuwa siku, hadi majitaka yakawa yanasafika ndani ya saa 24, kisha ndani ya saa chache. Mama yeyote anayegandisha maziwa angewaambia hivyo bure: huoshi kibuyu kikatakata, unaacha kidogo cha jana ili kifanye kazi ya leo. Tope lile lilikuwa ni umati wa viumbe hai, wamezoea chakula chao, wana njaa, wanangoja.

Tarehe 3 Aprili 1914, katika Hoteli ya Grand mjini Manchester, walisoma makala yao mbele ya tawi la Chama cha Kemia ya Viwanda. Humo ndimo tope lile lilipopewa jina lake, ambalo kwa Kiswahili naliita tope hai. Hesabu iliyowavutia wasikilizaji haikuwa ya kemia bali ya ardhi. Kama kazi ya wiki inaweza kufanywa kwa saa chache ndani ya tangi lenye kina, basi mji hauhitaji tena mashamba ya kusafishia maji. Tangi moja la kupuliza hewa, jingine la kutuamisha, na bomba la kurudisha sehemu ya tope mwanzoni: mitambo mikubwa ya majitaka iliyojengwa tangu siku ile, katika miji mingi ya dunia, imeufuata mchoro huo pamoja na mapambo yake.

Habari zilikimbia kuliko vita vilivyozuka miezi minne baadaye. Salford, jirani wa ng'ambo ya mto, ilijaribu mwaka huohuo wa 1914. Mji wa Worcester ulijenga mtambo wa kudumu mwaka 1916, na San Marcos huko Texas mwaka huo pia. Manchester yenyewe ilijenga mtambo wake wa kwanza wa mtiririko usiokatika mwaka 1917, lakini huko Withington, si Davyhulme. Fowler alikwenda kufundisha Bangalore, India. Milwaukee, kwenye ziwa Michigan, ilijenga mtambo mkubwa katikati ya miaka ya 1920 na kuanza kukausha tope na kuliuza kama mbolea kwa jina la Milorganite. Na palipo na faida hapakosi wakili: wenye hataza waliishitaki miji ya Marekani kwa kutumia njia hiyo bila kulipa, na katika miaka ya 1930 Milwaukee ilishindwa kesi.

Miaka hiyohiyo Uingereza ilitoa kitu kingine ambacho kiko nasi hadi leo, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo maana jambo hili halisemwi vya kutosha. Tume ya Kifalme ya Majitaka, iliyofanya kazi kuanzia 1898 hadi 1915, ilitoa mwaka 1912 ripoti yake ya nane. Humo iliweka kipimo cha kuhukumu maji yanayotoka mtamboni: chembe zisizozidi miligramu 30 kwa lita, na oksijeni inayonyonywa na uchafu isizidi miligramu 20 kwa lita katika siku tano. Kwa nini siku tano? Maelezo yanayotolewa siku zote ni kwamba hakuna mto wa Uingereza unaochukua zaidi ya hapo kufika baharini. Nenda leo katika maabara ya maji Nairobi au Dar es Salaam, utakuta chupa zimefungwa ndani ya kabati lenye nyuzi 20, zinangoja siku yao ya tano. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 na zile za Tanzania za mwaka 2007 zote ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa kipimo hichohicho. Mto Athi-Galana-Sabaki haujali urefu wa mito ya Uingereza, lakini kabati linajali.

Kilichoachwa njiani ni sharti lililoambatana na tarakimu hizo. Tume ilisema kipimo kile kinafaa pale tu ambapo mto unaopokea una maji safi angalau mara nane ya yale yanayomwagwa. Mto wenye maji machache ulitakiwa kupewa maji yaliyosafishwa zaidi. Tarakimu zilisafiri, sharti likabaki Uingereza. Na hata huko kwao, mfereji wa Manchester haukuwa na uwezo wa kulitimiza.

Turudi basi majini, kwa kuwa mtambo wa majitaka hauhukumiwi kwa makala zake. Mtu angetarajia kuwa maji ya mlangoni mwa Davyhulme yangekuwa ya kwanza kupona duniani. Hayakuwa. Katikati ya karne ya 20 sehemu ya juu ya mfereji ilikuwa nyeusi. Wakati wa joto gesi ilipanda kutoka kwenye tope la sakafuni, ikainua mabonge makubwa yakaelea kama visiwa, na oksijeni majini ikafika karibu na sufuri. Zaidi ya miaka 60 baada ya zile chupa za karatasi ya kaki, Irwell, Mersey na mfereji wao vilikuwa miongoni mwa maji machafu kabisa Ulaya.

Sababu zake hazina fumbo. Tope hai ni maarifa, lakini matangi ni fedha, na fedha za halmashauri zilipita kwanza kwenye vita viwili, mdororo wa miaka ya 1930, na nyumba za kujengwa upya. Davyhulme ilipanuliwa kidogo kidogo huku mji ukiikimbia. Viwanda vilimwaga sumu zilizoua bakteria ndani ya matangi yenyewe. Na mabomba ya mji, kama ya miji mingi ya zamani, hubeba maji ya choo na ya mvua pamoja. Mvua ikizidi, bomba hupumua kupitia matundu yaliyoachwa makusudi kandokando ya mto, na yote humwagika bila kuuona mtambo. Unaweza kuwa na mtambo bora duniani na bado ukaukosa mto kwa sababu ya matundu hayo. Kwa maoni yangu hili ndilo somo la Davyhulme ambalo miji yetu inayojenga mitambo mipya kabla ya kuunganisha mabomba inalihitaji kuliko lile la chupa.

Mwaka 1974 mitambo yote ya eneo hilo ilitolewa mikononi mwa halmashauri na kupewa mamlaka moja ya maji ya Kaskazini-Magharibi. Gati za mfereji huko Salford zilifungwa mwaka 1982, meli zikiwa zimekwisha, na wenye ardhi wakagundua kuwa hakuna anayenunua nyumba inayotazama maji yanayonuka. Kulikuwa pia na siasa. Baada ya ghasia za Toxteth, Liverpool, mwaka 1981, waziri Michael Heseltine alitumwa huko, na moja ya mambo aliyoyashika ni aibu ya mto Mersey. Matokeo yake ni Kampeni ya Bonde la Mersey, iliyozinduliwa mwaka 1985 kwa muda wa miaka 25, ikiwaketisha pamoja viwanda, halmashauri, watu wa mitaani na wenye mitambo. Mwaka 1989 maji yakabinafsishwa. Mrithi wa Davyhulme tangu 1995 ni kampuni ya United Utilities. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1991 juu ya majitaka ya mijini ililazimisha fedha ambazo siasa za ndani zilikuwa zikizikwepa.

Maji yakaanza kuitikia. Mabonde ya gati za Salford yalitengwa na mfereji kwa kuta, yakakorogwa kwa hewa kuanzia mwaka 1987, na samaki wakarudishwa humo. Tangu 2001 mfereji wenyewe, pale meli zinapogeukia, hupulizwa oksijeni, ambayo ni kama kukiri kwamba tope la miaka 100 lililoko chini halitaisha kwa kusafisha yanayoingia tu. Mwaka 1999 kampeni ilipata tuzo ya kimataifa ya mito, ikiwa ni mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Katika miaka ya 2000 samaki aina ya salmoni walionekana tena wakipanda Mersey, na watoto wao wakapatikana kwenye vijito vya juu. Salmoni hapandi mto usio na hewa. Yeye ni mkaguzi asiyehongeka.

Davyhulme ya sasa husafisha majitaka ya watu wapatao milioni 1.2. Tope ambalo zamani lilisafirishwa baharini sasa hupikwa kwa mvuke wa shinikizo kubwa katika mtambo ulioanza mwaka 2013, kisha huozeshwa bila hewa, na gesi yake huendesha majenereta. Mwaka 2014, wataalamu walipoadhimisha miaka 100 ya tope hai, mkutano mkuu ulifanyika Essen, Ujerumani, na kitabu kinene cha kumbukumbu kikachapishwa. Walistahili sherehe hiyo.

Miaka minne baadaye zikaja habari zisizo za sherehe. Mwezi Machi 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Rachel Hurley, James Woodward na James Rothwell, walitangaza matokeo ya kuchunguza sakafu za mito katika vituo 40 vya bonde la Irwell na Mersey. Mahali pamoja kwenye mto Tame, huko Denton, walikuta chembe ndogo za plastiki zipatazo 517,000 katika kila mita moja ya mraba. Wakati ule hakuna sakafu ya mto popote duniani iliyokuwa imepimwa ikazidi hapo. Mafuriko ya majira ya baridi ya 2015 na 2016 yalikuwa yamezoa karibu asilimia 70 ya chembe zilizokuwa kwenye sakafu za mito hiyo na kuzipeleka baharini. Utafiti wao uliofuata, wa mwaka 2021, ulinyoosha kidole kwenye majitaka yanayomwagwa bila kusafishwa, yaani yaleyale matundu ya kandokando ya mto.

Na wale ndugu wawili wa mwaka 1894 wakaishia mahakamani. Kampuni ya Mfereji wa Meli ilikuwa ikilalamika kwa miaka mingi kuwa matundu ya kampuni ya maji ya United Utilities, yapatayo 100, hufunguka ndani ya mali yake. Kampuni ya maji ilijibu kuwa sheria ya maji ya Uingereza ya mwaka 1991 inawaachia wadhibiti wa serikali peke yao kuamua mabomba mapya yajengwe lini, si mwenye mfereji. Mahakama Kuu na ile ya rufaa zilikubaliana na kampuni ya maji. Tarehe 2 Julai 2024 majaji saba wa Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwa kauli moja, walitengua hukumu hizo: mwenye maji anaruhusiwa kumshitaki anayemwaga majitaka machafu humo, hata kama dawa ya tatizo ni kujenga mabomba na mitambo zaidi. Hukumu haikusema kuwa kampuni ya maji ina hatia, wala haikutaja kiasi cha fidia. Ilifungua mlango tu, na mlango huo uko wazi kwa kila mwenye kipande cha mto Uingereza.